Mkono umekufa ganzi lakini juu panachoma: kisa cha maumivu ya turniketi

Fundi wa kuezeka nyumba, mwanamume wa miaka 38 mwenye kilo 68, alikatwa na ukingo wa bati mgongoni mwa mkono wa kulia. Kidonda kilikuwa kisafi, kimepita mlalo juu ya mifupa ya kiganja. Alipoambiwa anyooshe vidole, cha shahada na cha kati vilibaki vimelegea, maana kano zake za kunyooshea zilikuwa zimekatika. Hospitali ni ya wilaya. Siku hiyo kulikuwa na daktari mmoja wa upasuaji na mtaalamu mmoja wa usingizi, na baada ya fundi huyu alikuwepo mama anayesubiri kujifungua kwa upasuaji. Kisa nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo hakuna mgonjwa wala hospitali ya kutafutwa nyuma yake. Yaliyomo ndani, hata hivyo, ni mambo yanayotokea katika vyumba vyetu vya upasuaji, na naamini yanaweza kuzuilika.

Uamuzi ulikuwa kumpa ganzi ya mkono mzima kwa kupitisha dawa kwenye mshipa wa damu, ile inayoitwa ganzi ya Bier. August Bier, daktari mpasuaji wa Kijerumani, aliieleza mwaka 1908. Alifunga mikanda miwili mkononi, akaukamua mkono damu, kisha akaingiza dawa ya ganzi ya prokaini kwenye mshipa wa vena katikati ya mikanda hiyo. Baadaye njia hiyo ilififia hadi mwaka 1963, daktari Holmes alipoirudisha kwa kutumia dawa ya ganzi ya lignokaini, na tangu hapo imebaki mkononi mwa watu wenye vifaa vichache. Haihitaji ultrasaundi wala utaalamu wa kutafuta mishipa ya fahamu kwapani. Inahitaji kanula (mrija mdogo wa kuingizia dawa mshipani), lignokaini, turniketi isiyovuja, yaani mkanda wa upepo unaobana mkono ili damu isipite, na mtu asiyeondoka kando ya mgonjwa. Hitaji la mwisho ndilo gumu zaidi pale ambapo mtaalamu wa usingizi ni mmoja na mama mjamzito yuko korido.

Maandalizi yalikwenda vizuri, na nitayaeleza kidogo kwa sababu bila hayo sehemu ya pili ya kisa ingekuwa mbaya zaidi. Mgonjwa aliulizwa kuhusu degedege, ugonjwa wa moyo, mzio wa dawa za ganzi, na selimundu. Swali la selimundu lisiachwe kamwe kwetu, kwa kuwa damu itasimama bila oksijeni ndani ya mkono kwa karibu saa nzima, na hayo ndiyo mazingira yanayozikunja chembe za mgonjwa wa selimundu. Presha yake ilikuwa 128 kwa 78, mapigo 78 kwa dakika. Alikuwa hajala kwa zaidi ya saa sita. Kanula moja iliwekwa mkono wa kushoto kwa ajili ya dharura, nyingine ndogo upande wa kidole gumba wa mkono wa kulia, mbali na kidonda. Oksijeni, mfuko wa kupumulishia, mashine ya kunyonya mate na diazepamu vilikuwa mezani kabla mkanda wowote haujajazwa upepo.

Dozi ilikuwa miligramu 3 za lignokaini kwa kila kilo, yaani takriban 200. Kabatini kulikuwa na lignokaini ya asilimia 2, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi alichukua mililita 10 akazichanganya na mililita 30 za maji ya chumvi, akapata mililita 40 za asilimia 0.5. Alisoma chupa kwa sauti, na muuguzi akaisoma pia. Walikuwa wakitafuta mambo mawili. La kwanza, dawa isiwe na adrenalini. La pili, isiwe bupivakaini, ambayo mara nyingi hukaa rafu hiyohiyo kwa ajili ya ganzi ya uti wa mgongo. Bupivakaini hung'ang'ania misuli ya moyo, na ikimwagika mwilini ghafla moyo unaweza kusimama na kukataa kuamka. Uingereza ilijifunza hilo kwa vifo vilivyoripotiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo bupivakaini haina nafasi katika ganzi ya Bier.

Turniketi ilikuwa ya mikanda miwili iliyoshonwa pamoja, wa juu karibu na bega na wa chini karibu na kiwiko, kila mmoja na mpira wake wa upepo. Pamba ilizungushwa kwanza ili ngozi isibanwe kwa mikunjo. Kwa kawaida damu hukamuliwa kwa kuviringisha bandeji ya mpira kuanzia vidoleni kwenda juu, lakini mgonjwa mwenye kidonda kibichi hawezi kuvumilia hilo. Badala yake mkono uliinuliwa kwa dakika tatu huku ateri ikibanwa kwapani. Mkanda wa juu ukajazwa hadi 250 kwenye geji, kiwango kilichozidi presha yake ya juu kwa zaidi ya 100. Mapigo ya kifundo yakapotea. Hiyo ikawa dakika ya sifuri, ikaandikwa ubaoni kwa kalamu kubwa.

Dawa ikaingia polepole kwa dakika tatu. Ukiisukuma kwa haraka, presha ndani ya vena inaweza kuushinda mkanda, dawa ikapenya kwenda mwilini huku geji ikikuonyesha kwamba kila kitu ni salama. Kiganja kikapauka kwa mabaka, na dakika ya nane mgonjwa hakusikia tena pini. Kanula ya mkono wa kulia ikatolewa, upasuaji ukaanza.

Daktari wa upasuaji alikuwa amesema nusu saa inatosha. Ncha za kano za upande wa vidole zilionekana mara moja, ila zile za upande wa mkono zilikuwa zimerudi nyuma chini ya ngozi, na ilibidi kidonda kirefushwe ili zitafutwe. Kano iliyokatika hufanya hivyo mara nyingi, kwa hiyo muda huo ulipaswa kuhesabiwa tangu asubuhi.

Dakika ya 26 mgonjwa alianza kusogeza miguu. Kisha akasema, "Dokta, mkono umekufa kabisa, lakini huku juu panachoma kama moto." Jasho lilikuwa limemtoka usoni. Presha ilikuwa 158 kwa 96, mapigo 104.

Mpasuaji alisikia neno "panachoma" akadhani ganzi inaisha. Akaomba lignokaini zaidi ili achome kwenye kidonda. Mtaalamu wa usingizi naye alimpa fentanili, dawa kali ya maumivu ya kundi la morfini, mikrogramu 50, ambayo haikubadilisha kitu cha maana. Zikapita dakika kadhaa wakibishana kwa upole kuhusu dawa gani iongezwe, ilhali mgonjwa alikuwa ameshawapa jibu. Alikuwa amesema mambo mawili katika sentensi moja, kwamba mkono umekufa na kwamba juu panachoma. Mgonjwa ambaye ganzi yake inaisha angelalamika kidonda.

Hatimaye mtaalamu huyo wa usingizi, ambaye hapa nitamwita dada wa usingizi, alimwomba mpasuaji afinye ukingo wa kidonda kwa koleo. "Fundi, unasikia chochote?" Hakusikia. Akambonyeza ngozi chini ya mkanda wa chini, hakusikia. Akagusa kando ya mkanda wa juu, fundi akakunja uso. Kipimo hicho hakikufika nusu dakika, na kwa maoni yangu kingetangulia kabla ya fentanili. Ganzi ilikuwa nzima. Yalikuwa maumivu ya turniketi.

Inafaa kueleza maumivu haya yanatoka wapi, kwa sababu asiyejua chanzo chake atayafukuza kwa dawa zisizoyafikia. Dawa ya ganzi ya Bier husambaa chini ya mkanda uliojazwa. Ngozi na misuli iliyofunikwa na mkanda wa juu wenyewe haikupata dawa, na hapo ndipo panapobanwa kwa nguvu. Mbano na ukosefu wa damu huzima mishipa ya fahamu kwa zamu. Nyuzi nene zinazobeba mguso hulemewa mapema, na hizo ndizo ambazo kwa kawaida huzizuia taarifa za maumivu zisipande zote kwenye uti wa mgongo. Nyuzi nyembamba zisizo na ala ya mafuta, zile zinazobeba maumivu ya kuchoma na kuuma kwa kina, hustahimili muda mrefu zaidi. Kwa hiyo baada ya takriban nusu saa mlinzi ameshalala na mpiga kelele bado yuko macho. Wakati huohuo tishu zenye njaa ya oksijeni hutoa kemikali, prostaglandini zikiwemo, zinazozichokoza nyuzi hizohizo. Ndiyo maana maumivu hayaanzi pale mkanda unapojazwa. Huanza kidogokidogo, hupanda, na hayapungui hadi mkanda ufunguliwe.

Presha inayopanda ni sehemu ya picha hiyohiyo. Huonekana hata kwa mgonjwa aliyelala usingizi mzito asiyeweza kulalamika, na kumwongezea dawa ya usingizi mara nyingi hakuishushi sana. Dawa za kundi la morfini nazo husaidia kiasi tu. Ziko dawa ambazo zimejaribiwa kuchanganywa na lignokaini ndani ya sindano ili kuchelewesha maumivu, kama ketorolaki, klonidini na deksmedetomidini, na zina manufaa fulani. Dozi ndogo ya ketamini mshipani pia inaweza kumvusha mgonjwa dakika za mwisho. Lakini pale wilayani, palipokuwa na mikanda miwili, tiba yenyewe ilikuwa tayari imefungwa mkononi mwa mgonjwa. Mkanda wa chini unakaa juu ya ngozi na misuli iliyokwisha kupata dawa. Ukiujaza huo, kisha ukafungua wa juu, unahamisha mbano kutoka mahali pazima kwenda mahali penye ganzi.

Sasa nifike kwenye sekunde chache ambazo ndizo zilizonifanya niandike kisa hiki.

Dada wa usingizi alimwambia muuguzi msaidizi, "Tubadilishe mkanda." Mipira miwili ya upepo ilikuwa myeusi yote, haina alama. Muuguzi alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye valvu ya mkanda wa juu na kuanza kuizungusha. Wa chini ulikuwa bado mtupu. Dada akamshika mkono. "Subiri. Wa chini kwanza."

Muuguzi yule hakuwa mzembe. Mgonjwa analia kwamba juu panauma, na mkono wa binadamu yeyote mwenye huruma huenda pale panapouma ili kulegeza. Maumivu yenyewe ndiyo yanayouita mkono kwenye valvu isiyo sahihi. Valvu ile ingefunguka, kungekuwa hakuna mkanda hata mmoja ulioshika. Lignokaini iliyobaki kwenye vena ingerudi moyoni na kwenye ubongo kwa mkupuo, ganzi ingeondoka ndani ya dakika chache, na damu ingejaa kwenye kidonda huku kano ziko wazi. Katika dakika ya 31 sehemu kubwa ya dawa huwa imeshika kwenye tishu, kwa hiyo huenda angeponea kwa masikio kulia na kizunguzungu. Kosa hilohilo katika dakika ya 10 lingeweza kuleta degedege au moyo kuvurugika. Hiyo ndiyo sababu turniketi ya ganzi ya Bier haifunguliwi kabla ya dakika 20 hata kama upasuaji umekwisha kwa dakika tano, na wengi hupendelea kusubiri 30.

Mpangilio sahihi ulifuatwa. Mkanda wa chini ulijazwa hadi 250. Dada aliubonyeza kwa vidole akauona umekakamaa, akaangalia geji kwa dakika nzima kuhakikisha mshale wake haushuki. Kisha akasema kwa sauti, "Wa chini umeshika, nafungua wa juu," muuguzi akarudia maneno hayo, ndipo upepo ukatolewa. Ndani ya dakika tatu fundi alishusha pumzi ndefu. Mapigo yakarudi 84, presha 136 kwa 82. Hakuna dawa nyingine iliyohitajika.

Mikanda hii ya pacha ina udhaifu wake, na mtu asisubiri kuujua wakati ameshaingia ndani. Kila mkanda mmoja ni mwembamba kuliko turniketi ya kawaida, na mkanda mwembamba hausukumi mbano hadi ndani ya misuli kama mpana unavyofanya. Kwa mtu mwenye mkono mnene hilo linatosha kuleta uvujaji. Wapo wanaotumia mkanda mmoja mpana kwa upasuaji mfupi na kukubali kwamba hawatakuwa na mahali pa kuhamia. Kwa kazi ya dakika 20 nawaunga mkono. Kwa kano, hapana. Na ule mkanda wa mashine ya kawaida ya kupimia presha usitumike kabisa kwa kazi hii. Umetengenezwa kubana kwa sekunde chache, na hulegea taratibu bila kumwambia mtu.

Mkanda wa chini hununua kama dakika 15 hadi 30 za ziada. Baada ya hapo maumivu hurudi, safari hii bila mahali pengine pa kuhamia. Dada alimwambia mpasuaji hivyo, na akamwomba makisio mapya ya muda. Mpasuaji akasema nusu saa nyingine. Kabla ya dakika ya 55 mgonjwa alikuwa ameshapewa parasetamoli gramu 1 kwenye dripu na diklofenaki, kwa sababu ganzi ya Bier haibaki baada ya mkanda kufunguliwa. Mgonjwa anayetolewa mezani bila dawa ya maumivu atapata maumivu ya kidonda chote akiwa bado korido.

Kano ya mwisho ilifungwa dakika ya 60. Kidonda kikashonwa, kikafungwa, na gango la plasta likawekwa kabla mkanda haujafunguliwa. Dakika ya 63 upepo ulitolewa kwa sekunde 10, ukajazwa tena kwa dakika moja, na mzunguko huo ukarudiwa ili dawa irudi mwilini kwa mafungu. Dada alikuwa ameshamwonya, "Fundi, ukisikia masikio yanalia, ulimi mzito au ladha ya chuma mdomoni, niambie hapohapo." Baada ya ufunguzi wa pili fundi alisema masikio yanavuma. Dada aliendelea kuzungumza naye, oksijeni ikiwa usoni, na mvumo ukaisha kwa muda wa dakika moja hivi. Mapigo hayakuyumba. Kama dalili zingeendelea kuwa fadhaa, misuli kutetemeka au degedege, hatua ya kwanza ingekuwa njia ya hewa na oksijeni, kisha diazepamu, na mafuta ya lipidi ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo, kwa mkupuo mshipani. Hospitali hii haikuwa nayo. Hilo ni jambo la kupeleka kwa mfamasia kwa maandishi, kwa kuwa dawa za ganzi hutumika kila siku na chupa moja ya lipidi inaweza kuokoa maisha ya mtu.

Mama aliyekuwa anasubiri aliingia nusu saa baadaye, fundi akiwa ameshakaa chini ya uangalizi muda huo. Kulikuwa na mtu aliyependekeza dada akamwandae mama wakati mkanda wa fundi ungali umejaa. Alikataa, na alikuwa sahihi kabisa.

Naulizwa mara nyingi kama kisa kama hiki kilihitaji turniketi hata kidogo. Kwa upasuaji huu mahususi nadhani haikuwa lazima. Donald Lalonde, daktari wa Kanada, ameeneza njia ya kuchoma lignokaini iliyochanganywa na adrenalini kidogo kuzunguka eneo la kidonda, kusubiri karibu nusu saa damu ipungue, kisha kufanya upasuaji bila mkanda wowote. Hofu ya zamani kwamba adrenalini itaua vidole imepungua sana kutokana na uzoefu mkubwa uliokwisha kukusanywa. Faida yake kwenye kano haina mfano. Mgonjwa anaambiwa anyooshe kidole mezani, na mpasuaji anaona kama mshono umeshika kabla hajafunga ngozi. Fundi wetu asingeweza kufanya hivyo, mkono wake wote ulikuwa umelala. Lakini njia hiyo inadai subira ya nusu saa kabla ya kisu, na mpasuaji aliyeizoea kazi isiyo na tone la damu huona kidonda chenye unyevu kidogo kama kero. Ganzi ya Bier bado ninaitetea kwa kurudisha mfupa wa kifundo cha mkono uliovunjika na kwa kazi fupi za kiganja.

Mguuni mambo ni magumu zaidi. Paja linahitaji dawa nyingi na mbano mkubwa, na maumivu ya turniketi huja kwa ukali. Anayelazimika afunge mkanda kwenye shavu la mguu, chini vya kutosha kuepuka shingo ya mfupa wa fibula, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita pale uko juujuu na ukibanwa mgonjwa anaweza kuamka asiweze kuinua unyayo. Kwa mguu, mimi huchagua ganzi ya uti wa mgongo isipokuwa kuna sababu ya kuikwepa.

Katika faili la fundi, dada wa usingizi aliandika muda wa kila mkanda kujazwa na kufunguliwa, dozi, kipimo cha koleo, na mvumo wa masikio. Siku hiyohiyo mipira ya upepo ilizungushiwa plasta, nyekundu kwa wa juu na nyeupe kwa wa chini. Wagonjwa wanaofuata wataambiwa kabla ya kuanza kwamba baada ya nusu saa huenda wakasikia kuchoma chini ya mkanda, kwamba ganzi haijaisha, na kwamba wakisema mapema watahamishiwa mkanda wa pili. Fundi mwenyewe alibaki na gango kwa wiki kadhaa, na kliniki ya mazoezi ikampangia lini aanze kuvinyoosha vidole.